Madeni yakiishinda familia: Sheria ya kufilisika inavyoweza kuwa mlango wa kutokea

Familia nyingi zilizolemewa na madeni hapa Karatu na Ngorongoro hufilisika bila kupita mahakamani. Baba anazima simu na kusema anakwenda kutafuta kazi Mererani. Mama anauza ng'ombe wa maziwa, kisha cherehani, kisha anakopa sehemu ya tatu ili alipe ya pili. Binti aliyemaliza darasa la saba anapelekwa Arusha kufanya kazi za ndani "kwa muda tu". Hakuna hakimu aliyesikiliza, hakuna orodha ya nani anadai nini, na baada ya yote hayo deni bado lipo.

Hiyo ndiyo kufilisika tunayoijua. Ipo nyingine, iliyoandikwa kwenye sheria za nchi, ambayo kazi yake ni kulifikisha deni mwisho huku mdaiwa akiwa bado mzima na familia yake ikiwa pamoja. Ina gharama zake na haimfai kila mtu. Lakini mzazi anayelala na simu ameigeuza uso chini ili asione nani anapiga, anastahili kujua kwamba ipo.

Deni linavyoingia nyumbani

Ukitaka kujua kwa nini Karatu inakopa, angalia kalenda. Mji huu unaishi kwa magari yanayopandisha watalii kwenda geti la Lodoare na kuingia Ngorongoro. Masika ikifika, Aprili na Mei, baadhi ya kambi na loji hufunga au hupunguza watu. Dereva, mpishi, mhudumu wa vyumba na mama anayepeleka mboga jikoni wote hukosa kipato kwa pamoja, wakati mahindi ya shambani bado hayajakomaa. Kabla ya hapo kulikuwa na Januari ya shule. Ada ilifutwa hadi kidato cha nne mwaka 2016, na kidato cha tano na sita mwaka 2022, lakini sare, madaftari, godoro la bweni na michango ya chakula havikufutwa.

Juu ya kalenda hiyo kuna mapigo ambayo hakuna aliyeyapanga. Mwaka 2017 India ilipoweka ukomo wa mbaazi inazonunua nje, bei ilianguka na wakulima wa Karatu waliokopa kwa kutegemea zao hilo wakabaki na magunia. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona uliposimamisha safari, watalii walioingia Tanzania walishuka kutoka takribani milioni 1.5 mwaka uliotangulia hadi karibu 620,000. Kisha ukaja ukame wa 2021 na 2022. Kwa wafugaji wa ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, ambako kilimo hakiruhusiwi, ng'ombe ndiye benki, ndiye ghala la mahindi, na ndiye mtungi wa maziwa ya mtoto. Akifa, vyote vitatu vimekwenda siku moja. Huko Mang'ola mkulima wa vitunguu ana yake: anakopeshwa mbegu na dawa na mnunuzi, na siku ya mavuno mnunuzi huyohuyo ndiye anayepanga bei na ukubwa wa gunia. Lumbesa haina haja ya kuelezwa kwa mtu wa Mang'ola.

Nasema haya kwa sababu ukimsikiliza mtu anayezungumzia wadaiwa, mara nyingi utasikia uvivu, anasa na harusi za kuigana. Hayo yapo. Ila wengi wameangushwa na ugonjwa, msimu au bei, na baada ya hapo ni riba iliyomaliza kazi.

Tuseme mama mwenye kibanda sokoni anakopa shilingi 500,000 kwa mkopeshaji wa mtaani. Anakatwa 40,000 ya "fomu" na "bima", anaondoka na 460,000. Atarejesha 65,000 kila wiki kwa wiki 10, jumla 650,000. Kwa hiyo amelipa 190,000 kwa kukaa na fedha ambayo hakukaa nayo hata yote, maana wiki ya kwanza tu alianza kuirudisha. Benki Kuu ya Tanzania imeweka ukomo wa riba kwa wakopeshaji wadogo wenye leseni wasiopokea amana: asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa 500,000 hiyo ni 17,500 kwa mwezi, yaani isiyozidi 43,750 kwa muda uleule. Sasa mtoto wa mama huyu augue wiki ya nne. Rejesho la wiki hiyo linakwenda hospitali, na ili kulifidia anakopa kwa mkopeshaji wa pili. Kuanzia hapo biashara yake halisi si mboga tena, ni kuhamisha fedha kutoka kwa mkopeshaji mmoja kwenda kwa mwingine. Watu hawakukosea kuiita mikopo hii kausha damu.

Walimu, wauguzi na watumishi wengine wana yao. Kanuni inataka mtumishi abaki na angalau theluthi moja ya mshahara baada ya makato, lakini mkopeshaji anayekaa na kadi yako ya benki na namba ya siri haulizi theluthi.

Mwili nao unadaiwa

Kwenye ukurasa wa afya tumezoea kuandika kuhusu shinikizo la damu kana kwamba linatoka kwenye chumvi pekee. Mtu mwenye madeni halali vizuri, hali kwa wakati, anaacha dawa zake ili apate rejesho, na anakasirikia watoto kwa makosa madogo. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton nchini Uingereza walikusanya tafiti zilizokwisha kufanyika na kuona kwamba watu wenye madeni yasiyo na dhamana walikuwa na uwezekano wa zaidi ya mara tatu wa kuwa na tatizo la afya ya akili kuliko wasio nayo. Ni kweli kwamba mtu anayeugua huenda ndiye anayeanza kukopa, kwa hiyo sababu na matokeo vinaingiliana.

Ndiyo maana utafiti mwingine, wa Marekani, ulinivutia zaidi. Mwaka 2015 wachumi Will Dobbie na Jae Song walichapisha matokeo ya kufuatilia watu walioomba kinga ya kufilisika mahakamani. Kwa kuwa majaji wengine ni wepisi kukubali na wengine wagumu, waliweza kulinganisha waliokubaliwa na waliokataliwa ingawa hali zao zilifanana. Waliokubaliwa walipata kipato kikubwa zaidi miaka iliyofuata, na uwezekano wao wa kufariki ndani ya miaka mitano ulikuwa pungufu kwa pointi 1.2 za asilimia. Marekani si Karatu, lakini amri ya mahakama iliyosimamisha wadai ilionekana hadi kwenye takwimu za vifo. Dawa nyingi tunazozisifia hazifiki hapo.

Mzazi akianza kusema kwamba familia ingekuwa na nafuu bila yeye, hayo si maneno ya kupuuzia wala ya kuahirisha hadi deni lilipwe. Msindikize kituo cha afya kilicho karibu au hospitali, iwe Karatu mjini, Endulen au Wasso, na mwambie daktari wazi kwamba tatizo limeanzia kwenye madeni. Asiachwe peke yake siku hizo.

Sheria inasema nini

Kwa lugha ya mtaani kufilisika ni kuishiwa. Kwa lugha ya sheria ni hadhi anayotangaziwa mtu na mahakama, na inasimamiwa na Sheria ya Kufilisika, Sura ya 25 ya sheria za Tanzania. Msimamizi wake upande wa serikali ni RITA, wakala huohuo tunaoufahamu kwa vyeti vya kuzaliwa. Neno "ufilisi" lipo kwenye jina lake kamili: Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini.

Maombi yanaweza kupelekwa na mdai, yaani anayekudai, au na mdaiwa mwenyewe. Hili la pili ndilo wengi hawalijui. Mtu anaweza kwenda Mahakama Kuu na kusema: siwezi kulipa madeni yangu, naomba mali yangu iwekwe chini ya usimamizi na wadai wangu wote washughulikiwe kwa pamoja. Mahakama ikitoa amri ya awali, mdai wa kawaida hawezi tena kuja kivyake kudai, kushitaki au kukamata mali bila ruhusa ya mahakama. Mdaiwa anaandika maelezo ya hali yake: mali aliyonayo, nani anamdai na kiasi gani. Wadai wanaitwa kwenye mkutano. Mdaiwa anahojiwa hadharani namna alivyofika hapo.

Kuna njia mbili baada ya hapo. Ya kwanza ni mapatano: mdaiwa anapendekeza atalipa kiasi gani na kwa muda gani, wadai walio wengi wakikubali na mahakama ikaidhinisha, mpango huo unawafunga hata waliokataa. Ya pili ni kutangazwa mufilisi. Mali inakusanywa, inauzwa, na fedha inagawanywa kwa wadai kwa uwiano, badala ya mwenye vitisho vikali kuchukua yote. Vitu vichache vya lazima, kama nguo, matandiko na zana za kazi kwa thamani ndogo iliyowekwa, havichukuliwi. Baadaye mufilisi anaweza kuiomba mahakama imwachilie. Ikimwachilia, madeni yaliyoingizwa kwenye shauri yanakuwa yamekwisha, hata kama hayakulipwa yote.

Soma sentensi hiyo tena kama wewe ndiye uliyekuwa ukiwaza kukimbia. Sheria inakubali kwamba kuna deni ambalo halitalipwa, na kwamba mtu anaweza kuendelea kuishi.

Isipokuwa haifuti kila kitu. Deni lililopatikana kwa udanganyifu halifutiki. Benki iliyoshika nyumba au shamba kwa rehani inabaki na haki yake juu ya dhamana hiyo. Jina linatangazwa. Mufilisi ambaye hajaachiliwa akikopa bila kumwambia anayemkopesha hali yake anatenda kosa la jinai, na hawezi kuwa mkurugenzi wa kampuni bila ruhusa ya mahakama. Na mahakama si lazima imwachilie: inaweza kukataa au kuahirisha, hasa ikiona alificha mali au alikopa huku akijua hatalipa.

La mwisho ndilo zito kwa Karatu. Kuachiliwa kwa mdaiwa hakumwachilii mdhamini wake. Mikopo yetu mingi ni ya vikundi, wanawake watano au kumi wanadhaminiana, na mdhamini wako ni jirani mnayechota naye maji na kuimba naye kwaya. Mahakama ikikuondolea wewe deni, mkopeshaji anahamia kwake. Kwa hiyo mtu ambaye madeni yake yote ni ya kikundi, kufilisika kisheria kunaweza kumpa nafuu ambayo hatakuwa na uso wa kuibeba mtaani. Kwa mfanyabiashara wa duka la vifaa au mwenye gari la utalii aliyekopa kwa jina lake mwenyewe, hesabu ni tofauti kabisa.

Mbona hatuioni

Mahakama Kuu iko Arusha. Kutoka Karatu ni kilomita zipatazo 140. Kutoka Loliondo ni zaidi ya 300, nyingine za vumbi. Kuna nyaraka, ada, na kwa vitendo utahitaji wakili. Mtu anayedaiwa milioni mbili hawezi kutumia milioni moja kuthibitisha kwamba hana kitu. Sheria yenyewe mizizi yake ni ya enzi za Waingereza, miaka ya 1930, na ukiisoma unaona ilimfikiria mfanyabiashara mwenye daftari za hesabu, si mama mwenye mikopo mitatu ya simu.

Jirani zetu Kenya walibadilisha. Sheria yao ya Ufilisi ya mwaka 2015 inamwachilia mufilisi wa kawaida baada ya miaka mitatu bila kuomba, isipokuwa pale kunapokuwa na pingamizi. Zaidi ya hapo waliweka utaratibu wa mdaiwa asiye na mali: anayedaiwa kati ya shilingi 100,000 na milioni 4 za Kenya, asiye na uwezo wa kulipa na ambaye hajawahi kuutumia wala kutangazwa mufilisi, anaingizwa humo, wadai wanasimamishwa, na baada ya miezi 12 anatoka. Mpaka wa Kenya uko karibu na Loliondo kuliko Karatu ilivyo. Kwa maoni yangu hiki ndicho kitu ambacho wabunge wetu wangeweza kukichukua karibu kilivyo, wakakishusha hadi mahakama ya wilaya.

Kinga zilizo karibu zaidi

Wakati hilo halijafanyika, kuna kinga ambazo hazihitaji kutangazwa mufilisi, na wakopeshaji wengi wa mtaani wanategemea usizijue.

Kudaiwa si jinai. Polisi si wakala wa kukusanya marejesho. Mkopeshaji hana mamlaka ya kuingia ndani na kubeba mtungi wa gesi na televisheni kwa sababu tu umechelewa. Kukamata mali ni kazi ya dalali wa mahakama mwenye amri. Na hata akija na amri ya mahakama ya wilaya, Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inamkataza kuchukua nguo za lazima, vyombo vya kupikia na vitanda vya familia, zana za fundi, na zana za kilimo na mbegu ambazo mkulima anazihitaji ili aishi. Sheria hiyo inalinda pia nyumba ambayo mdaiwa anaishi na familia yake. Ulinzi huo wa nyumba hauwasaidii walioiweka rehani wenyewe.

Kwenye rehani kuna swali la ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mume au mke kuiweka nyumba ya familia dhamana bila ridhaa ya mwenzake. Ukiletewa karatasi ya kusaini usiku, isome asubuhi. Na kama nyumba iliwekwa dhamana bila wewe kujua, hilo ni jambo la kumwona mwanasheria kabla ya siku ya mnada.

Ukishtakiwa, nenda mahakamani. Wengi hujificha na hukumu inatolewa bila wao, ilhali ukifika unaweza kuomba ulipe kwa awamu, na mahakama ina uwezo wa kukubali. Kifungo cha madai kipo, kisichozidi miezi sita, lakini kabla ya kufungwa mdaiwa anapewa nafasi ya kueleza kwa nini hajalipa, na umaskini ni sababu ya kusikilizwa. Anayefungwa ni zaidi yule anayeficha mali. Kifungo chenyewe hakifuti deni.

Muulize mkopeshaji leseni yake. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, anayekopesha kama biashara anapaswa kuwa nayo. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali. Kama programu imeanza kuwatumia ujumbe shangazi zako na mchungaji wako kwamba wewe ni mdaiwa sugu, hifadhi picha za ujumbe huo, kwa maana ni ushahidi kwa Benki Kuu, yenye tawi Arusha, na kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 hutoa ushauri bila malipo. Ulizia ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri.

Halmashauri yenyewe inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa 2024. Ni ya vikundi na ni ya biashara. Kuichukua ili kulipa kausha damu ni kubadilisha mdai tu.

Ukoo uliwahi kuwa mahakama

Wamaasai wa Ngorongoro wana utaratibu unaoitwa ewoloto, ambao watafiti waliofanya kazi huko miaka ya 1990 waliuandika kwa kirefu. Mtu aliyepoteza mifugo anapeleka shida yake kwa watu wa ukoo wake. Wanakaa, wanamuuliza ilikuwaje, na wakiridhika, wanachangia ng'ombe na mbuzi ili aanze tena. Ukiuangalia vizuri, una vitu vilevile vya Sura ya 25: mkutano, mahojiano ya hadharani, na kuanza upya. Tofauti ni kwamba hakuna anayekwenda Arusha. Lakini ukame unaompiga kila mtu mwaka mmoja unaudhoofisha, kwa kuwa wachangiaji nao wamebaki na ngozi. Na deni la kwenye simu halina ukoo.

Kwa mzazi anayetaka kuanza wiki hii, kazi ya kwanza ni karatasi moja. Kaa na mwenzako, watoto wakiwa wamelala, muandike kila deni: jina la anayedai, kiasi kilichochukuliwa, kilicholipwa, kilichobaki, riba, nani amedhamini, na nini kimewekwa dhamana. Weka na lile la dukani na lile la kaka. Pembeni muandike mapato ya mwezi mbaya, si ya mwezi mzuri. Wenza wengi watagundua hapo deni ambalo mmoja alilificha, na usiku huo utakuwa mgumu; afadhali ugomvi huo uje kabla ya dalali. Kisha mpeleke nakala kwa kila mdai mkiomba muda, na ombeni majibu kwa maandishi. SACCOS na benki hupanga upya marejesho mara nyingi zaidi ya watu wanavyodhani, ila si kwa mtu aliyezima simu. Karatasi hiyohiyo ndiyo atakayoiomba kwanza msaidizi wa kisheria, wakili, au afisa wa RITA, kama mambo yatafika huko.